Nyumba Safi Kuliko Zote

Msimu wa upepo wa moto, kila nyumba hufuga wingu lake juu ya paa ili liikinge na moto wa nyika, na kupiga deki ni marufuku. Mvuke hupanda, hupoa, kisha hushika vumbi na kuwa matone. Pasipo vumbi hakuna wingu.

Nilimweleza hayo mama mkwe wangu, Aikande, alipokuja kututembelea.

"Uvivu huu umeusomea chuo gani?" akauliza, akachukua ndoo na tambara. Sikuthubutu kumzuia.

Kufikia mchana nyumba iling'aa. Upepo mkavu ukashuka kutoka mlimani ukinuka moshi. Mawingu ya majirani yakaanza kunyesha. Juu ya paa letu anga ilikuwa safi kabisa.

Mama aliitazama, kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, huku kwenu watu huazimana vumbi?"