Kijana wa Mtaa wa Juu

Jeneza liliyumba, likagonga mwimo wa mlango, na wote sita waliolishika wakaguna kwa pamoja.

"Kijana, njoo ushike huku mbele!" Shangazi alifoka kutoka kwenye kiti chake. "Hao wataliangusha."

Kijana akahamia mbele. Mtaa wa Juu mzima ulimwita hivyo, maana ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Taa ikiungua, aitwe Kijana. Bomba likivuja, Kijana. Mtungi wa gesi ukiisha, Kijana yuko wapi? Jana na juzi alishinda akichimba kaburi, na mgongo ulikuwa ukimuuma kama umepondwa kwa nyundo. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Pale kila mmoja alikuwa na mgongo wake.

Aliyekufa ni Fundi Saa, jirani yao. Makaburi ya kabila lao yalikuwa juu ya kilima, na njia ni ngazi za mawe, gari halipiti. Msiba uliopita, jeneza liliwaponyoka katikati ya ngazi, likateleza mpaka miguuni pa mjane. Tangu hapo Kijana hakupata usingizi wa maana.

"Wekeni chini," alisema. Wakaweka, wakihema. Mwalimu Mstaafu alijikalisha kizingitini, mkono kifuani.

"Shangazi, nateremka Mtaa wa Chini."

Mtaa wa Chini walikaa watu wa kabila jingine, waliohamia na lugha yao, wakazaa mpaka shule ikawafurikia. Watoto wa Mtaa wa Juu walikwenda miji ya mbali kutafuta maisha, wasirudi. Shule yao wenyewe ilikuwa stoo ya viti vya msiba.

"Wale ndio watubebee maiti yetu?" Shangazi aliuliza. "Tuliwaambia wasikanyage ngazi zetu, leo tukawapigie magoti?"

"Basi mbebe wewe, Shangazi."

Hakuwahi kumjibu hivyo. Shangazi aliitazama kola yake. "Haya, nenda. Lakini vaa shati safi. Na ukiona mchumba huko usimwache, umekaa mno peke yako."

Watu wakacheka, kicheko cha waliochoka.

Kijana alishuka polepole. Kelele za Mtaa wa Chini zilimfikia kabla hajamaliza ngazi: mpira ukidunda, kina mama wakiitana na vichanga mgongoni, cherehani ikishona sare za shule zilizolundikana hadi mlangoni. Watoto walisimamisha mpira ili apite. Mmoja alikuwa akilia, kiatu kimempotea. Kijana alisimama kidogo kumsikiliza. Hakukumbuka mara ya mwisho kusikia mtoto akilia.

Kwenye gereji, miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya gari.

"Hodi," alisema kwa lugha ya sokoni, ile ambayo mitaa yote miwili iliivunja, kila mmoja kwa namna yake.

"Karibu," sauti ilijibu kutoka chini ya gari. "Kama ni breki, mpaka kesho."

"Si breki. Natoka Mtaa wa Juu. Tuna msiba, na hatuna watu wa kubeba."

Spana iliwekwa sakafuni.

"Nyinyi si ndio mliotukataza kupanda huko?"

"Ndio sisi."

"Mama yangu alifukuzwa kwenye zile ngazi akiwa na mimba yangu."

Kijana aliikumbuka siku hiyo.

"Poleni," alisema.

Mafuta yalidondoka kwenye kopo, tone, tone.

"Amekufa nani?"

"Fundi Saa."

"Yule mwenye kofia ya pama?" Sauti ilishuka. "Yule alikuwa akinisalimia. Peke yake." Kisha fundi wa gereji akapaza sauti kwa lugha yake, na huko uani vijana wakaanza kuitana, ndoo zikiwekwa chini, mikono ikioshwa. "Tutakuja wanane. Tunatosha?"

"Mnatosha kabisa."

Fundi akajivuta kutoka chini ya gari, akaketi, akainua macho kutoka kwenye viatu vya mgeni mpaka usoni. Aliruka akasimama, mikono yenye grisi akaificha nyuma.

"Shikamoo, babu! Jamani, leteni kiti! Hivi kweli huko kwenu wamekosa kijana wa kumtuma, mpaka wakuteremshe mzee kama wewe?"

Mgeni alikaa. Akanyoosha goti moja, kisha la pili.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Hawakukosa. Kijana wao ndiye mimi. Mwezi ujao natimiza miaka sabini na moja."