Rangi ya Bluu

Fundi alikuwa ameshaushika usukani wa pikipiki ya mwanangu uani kwangu.

"Mama, tajiri wangu mwenye lori amekuonea huruma. Octavian akitoka hospitali, ataikuta mpya."

Shemeji yangu aliinama kumsaidia kuipakia kwenye gari. "Shukuru basi, shemeji!"

Nilitazama tangi lililobonyea. Kwenye mkwaruzo ilikuwa imeganda rangi ya bluu ya lori lililomgonga. Dereva wake ameapa polisi kwamba hakumgusa mtu pale Chamwino, na mkaguzi wa magari anakuja kesho. Bila rangi hiyo, mguu wa mwanangu hauna fidia.

"Iacheni."

"Mama, usitufanye wabaya."

Mfukoni mwa fundi ilichungulia karatasi ya msasa.

Nilipanda nikakaa juu ya tangi, nikapiga simu. "Afande, njoo leo. Nimeikalia."