Taa ya Shangazi Mwanakheri

Siku mtoto alipotimiza arobaini, Shangazi Mwanakheri alikuja na wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Ndiye aliyewanyoa watoto wote wa ukoo nywele zao za kwanza. Lakini Saumu, mama wa mtoto, alimtazama kwanza kwenye kifundo cha mkono, pale ambapo kila mtu ana taa ndogo chini ya ngozi. Ya shangazi ilikuwa imezimika.

"Shangazi, usimguse. Kinga yako ya homa ya ini imeisha."

"Nani kasema? Nilichanjwa nikiwa mchanga kama huyu. Hiyo taa inapima kilichobaki kwenye damu tu. Mwili unakumbuka, Saumu. Virusi vikiingia, utaamka."

"Sheria inasema taa ikizimika, mtu asishike mtoto."

"Sheria imewahi kunyoa mtoto?"

Wageni wakaacha kula. Shangazi akauweka wembe mezani, akajitanda mtandio, akaenda mlangoni kuvaa viatu. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

Saumu akampakata mtoto, akalivuta beseni la maji, akakunja mkono wa dera. Taa yake ikapepesa, ikafifia, ikazimika kabisa.

Akaushusha upesi mkono wa dera hadi kwenye vidole, akauchukua wembe.

"Mwanangu," shangazi akamwita kutoka mlangoni, kwa upole, "kunja mkono wa nguo. Utalowa."

Wageni wote wakageuka.