Kipimo cha Hewa

Boti sita za kuhamisha wagonjwa zilikuwa zimefungwa gatini, matangi yamejaa mafuta, na hakuna hata moja iliyoruhusiwa kuondoka.

"Nitukane mpaka uchoke, nesi," nahodha alisema kupitia kitambaa alichojifunga mdomoni. "Bila saini ya ofisi ya wilaya, siwashi injini."

Lamiang hakumtukana. Alimtazama Mama Rinting, aliyeketi kwenye ngazi za gati na mwanawe wa miezi sita kifuani. Mrija ulikuwa puani mwa mtoto, na midomo yake imeanza kugeuka rangi. Mtungi ule wa oksijeni ulikuwa wa mwisho zahanatini, nao umebakiwa na hewa ya saa tatu. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa saa mbili mtoni. Mitumbwi ya watu ilipigwa marufuku tangu miwili igongane ndani ya moshi.

Hii ilikuwa wiki ya tano ya moshi. Tangu kampuni za michikichi zichimbe mifereji na kukausha udongo wa mboji wa msitu, udongo wenyewe ulikuwa ukishika moto, moto ukitembea chini ya miguu ya watu, na kila mwaka wakubwa waliwaambia wavumilie.

Lamiang aliingia ofisi ya wilaya bila kupiga hodi. Bwana Darsono, ofisa mwenye saini, alikuwa amevaa sweta, anakunywa kahawa.

"Funga mlango, dada, moshi unaingia."

Aliufunga kwa kishindo. "Tia saini. Mtoto anakufa."

"Pole sana. Lakini sheria unaijua. Kipimo cha moshi hewani kikifika mia tatu, natia saini papo hapo. Leo kimeonyesha arobaini na moja."

"Arobaini na moja! Bwana, kutoka hapa unaliona gati?"

"Macho si kipimo."

"Na jana?"

"Arobaini na moja."

"Juzi?"

"Arobaini. Hewa ilikuwa nzuri zaidi kidogo."

Lamiang aliinama juu ya meza mpaka kahawa ikatikisika. "Wenye michikichi wamekupa nini? Gari? Au wamekujengea nyumba?"

Darsono akasimama, uso umemwiva. "Chunga mdomo wako! Miaka ishirini na sita kazini, sijala hata sahani ya wali ya mtu. Namba naisoma mwenyewe kila asubuhi. Siongezi, sipunguzi. Mashine haina shangazi katika wilaya hii, haimpendelei mtu."

"Basi imeharibika."

"Fundi aliikagua wiki iliyopita. Nzima kabisa."

"Zahanati yangu imepokea watoto tisini na wanne, wote kifua. Wazee wanne nimewafunika shuka kwa mikono hii. Mashine yako nzima haiwajui hao?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Lamiang alitambua kwamba alikuwa amepiga kelele muda wote huo bila kukohoa, na jambo hilo likamzidishia hasira. Wenzao humu ndani walikuwa wanapumua.

"Nionyeshe," alisema. "Kama namba ni ya kweli, nitakwenda mwenyewe kumwambia mama wa mtoto. Kama si ya kweli, utakwenda kumwambia wewe."

"Twende. Tena kwa furaha."

Alichukua funguo. Lamiang akageukia ngazi za kwenda paani, akidhani mashine iko huko juu, tayari kupanda.

"Si huko, dada. Huku."

Darsono alifungua chumba cha nyuma ya ofisi yake. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa utepe wa gundi pande zote. Chini ya kiyoyozi, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mashine iliwaka taa ya kijani: arobaini na moja.

"Unaona?" alisema Darsono, akiipangusa taratibu kwa leso yake. "Chombo cha thamani kama hiki, nesi. Tungekiacha kule nje, moshi ungekiharibu."