Popo Arobaini wa Ngiri

Paliondokea Ngiri mmoja, mjuaji asiyeambilika. Kiangazi kilipokolea, mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja. Ngiri akaalika popo arobaini waning'inie darini wampepee mgeni, kisha akafunga madirisha yote.

"Baba watoto, fungua," mkewe alimwambia. "Popo arobaini wanapumua humu. Nyumba imekuwa tanuri."

"Nifungue ubaridi utoroke?" Ngiri alifoka, jasho likimtiririka mpaka kwenye meno. "Popo, pepeeni kwa nguvu!"

Popo wakapepea, wakahema, na joto likazidi.

Mara hodi mlangoni. Mama mkwe huyo! Ngiri alijua adabu: mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Akafungua dirisha, akaruka nje, na popo wote wakamfuata. Dirisha likabaki wazi, upepo ukaingia.

Punde sauti ya mama mkwe ikasikika kutoka ndani: "Mwanangu, nyumba yenu ina ubaridi mtamu! Mmefanyaje?"

Ngiri alisimama juani, akawaza na kuwazua, hatimaye akaelewa. Mama mkwe alipoingia tu, joto lilitoka. Kumbe dawa ni yeye!

"Mama!" akaita kwa unyenyekevu. "Nakuomba usirudi kwako mpaka masika."

Mkewe alitaka kumweleza ukweli. Akamtazama mama yake alivyojinyoosha mkekani, akanyamaza.

Masika yalikuja, yakapita. Mama mkwe angali ndani, na Ngiri, kwa heshima zote, angali nje.