Saa ya Ukutani

Shangazi alimsifu bosi mpaka mate yakamkauka. "Ni baba kwetu," alimwambia mkaguzi wa makao makuu, aliyetumwa kupima kama watumishi wanaridhika na kazi. "Anasikiliza. Anatujali." Wala hakupepesa macho.

Uongo mtupu. Bosi huyo hakujua kupanga hata zamu ya chai. Alichojua ni kufungia vitu. Ufunguo wa choo cha ofisi ulikaa kwenye droo yake, na watu wazima wenye wajukuu walisimama mlangoni kwake kuuomba, naye akiwauliza, "Tena?" Mikutanoni alihubiri uongozi shirikishi, debe tupu haliachi kuvuma.

Shangazi, ndivyo wote walivyomwita karani wa masjala, alikuwa ameomba uhamisho kwenda mji ambako mama yake alilala hoi kitandani. Tangu mvua za mwaka jana bosi alikuwa akimjibu, "Nalifikiria." Mama akizidi kunyong'onyea, bwana mkubwa akifikiria. Shangazi alimchukia kutoka moyoni.

"Hapa mkubwa haondolewi kwa malalamiko," dereva wa ofisi aliwashauri wenzake chini ya ngazi. "Mkimlalamikia, anapelekwa semina, anarudi na mkoba mpya. Msifuni. Wampandishe cheo, akawatese wengine huko."

Basi wakamsifu. Makao makuu wakaamini, maana kuamini ndiyo kazi pekee wanayoiweza. Cheo kikaja.

Siku ya kumuaga, bosi aliishusha ukutani saa yake, ile aliyojivunia kwamba watumishi wa kituo chake cha zamani walimpa huku wakilia. Hawa nao wakamzawadia nyingine, kubwa zaidi. Shangazi alilia kwa kwikwi. Bosi akampigapiga begani, akasema hakujua kama anapendwa kiasi hicho. Gari lake lilipokata kona watu walikumbatiana, na choo kikashinda wazi kutwa nzima.

Jumatatu Shangazi alifika mapema, amevaa gauni lake la kutokea, barua ya kuomba uhamisho mkononi. Mkuu mpya akashuka garini, mpole, ana tabasamu, anamwamkia kila mtu hadi mfagizi. Shangazi akashusha pumzi.

"Huyu ni mtu, mwanangu," alimnong'oneza dereva. "Akitia sahihi leo, kesho niko kwa mama."

Mkuu mpya akarudi kwenye gari, akatoa kitu kilichofungwa kwa shuka, akakibeba kama mtoto hadi ofisini. Akakifungua juu ya meza. Ilikuwa saa ya ukutani.

"Zawadi ya watumishi wangu wa kule," alisema, macho yakitafuta msumari. "Walilia, jamani, mpaka nikaona haya. Haya, ufunguo wa choo anao nani?"