Mtu wa Mosocho

Tone la kwanza la damu lilikatika punjepunje kama maziwa yaliyoharibika. La pili nalo vilevile.

“AB,” alisema Abner, mtu wa maabara, akifuta kigae cheupe kwa pamba. “Yako haimfai mtoto, Mwalimu. Yeye ni O. Na chupa ya O tuliyokuwa nayo, jana tulimpa mama aliyejifungua.”

Angwenyi hakuondoa macho kwenye kigae.

“Una hakika yeye ni O?”

“Nimepima mara mbili.”

Somo la makundi ya damu alikuwa amelifundisha miaka mitano, katika shule ya sekondari karibu na Nyamira. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya alichonacho. Mwenye AB ana A na B tu, kwa hiyo mtoto wake hupata mojawapo. Mwenye O hana hata moja. Muhula uliopita mwanafunzi alimuuliza kama baba wa AB anaweza kumzaa mtoto wa O. Alimjibu bila hata kugeuka kutoka ubaoni: haiwezekani.

Wodini, binti yake Nyanchera alilala macho nusu wazi. Alikuwa na miaka saba. Malaria ilikuwa imezila chembe zake nyekundu kwa siku nne, na sasa viganja vyake vilikuwa vyeupe. Alipumua kama mtu anayekimbia. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba bila damu hafiki jioni.

Mama yake, Orpah, alikuwa amepimwa: A. Manasseh, kaka yake Orpah: B. Walimu wawili waliokuja kujitolea: A wote wawili.

“Hakuna ndugu mwingine?” Abner aliuliza kutoka mlangoni.

Orpah alimtazama mtoto, kisha sakafu.

“Yuko mtu wa damu yake,” alisema. “Huko Mosocho.”

Manasseh hakuuliza ni nani. Alichukua kofia, akaenda kuwasha pikipiki.

Kumbe hata shemeji anajua, Angwenyi aliwaza. Alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Mwaka 1964 alikuwa masomoni Kampala. Alikuja likizo ya Krismasi, akarudi chuoni, na Septemba mtoto akazaliwa nyumbani kwa mama mkwe. Alimwona kwa mara ya kwanza mnamo Desemba. Miezi ilitimia, lakini sasa hakuiamini tena.

“Huyo mtu anajua mtoto ni wake?” alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

“Anajua.”

“Huwa anamwona?”

“Mara moja kwa mwaka. Sokoni, kwa mbali.”

“Na mimi umeninyamazia miaka saba.”

“Ningesema nini, Baba Nyanchera? Ulifika, ukampakata, ukacheka mpaka machozi. Nilishindwa.”

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kutoka na kutembea hadi Nyamira bila kugeuka nyuma. Lakini kidole kidogo chenye baridi kilikuwa kimeshika kidole gumba chake, naye hakuweza kukitoa.

Basi alikaa, akatazama barabara kupitia dirishani. Kila mwanamume aliyepita langoni alimpima, akimtafutia sura ya Nyanchera. Huyu pua. Yule masikio. Mmoja mrefu, mwenye koti la kijivu, alishuka kwenye gari akaja moja kwa moja kuelekea wodini, na moyo wa Angwenyi ukadunda kwa chuki. Mtu yule akakata kona, akaingia ofisini.

Saa saba ikapita. Saa nane. Nyanchera aliacha kujibu akiitwa. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu.

“Nyasae, Mungu wangu,” Angwenyi alinong'ona, na hapo alijisikia akiomba jambo ambalo asubuhi asingeliamini: kwamba mtu yule aje. Aje tu. Achukue anachotaka, hata mtoto, mradi afike.

Saa tisa pikipiki iliingia uani. Nyuma ya Manasseh alikaa mwanamke mwembamba, mikono yake ikiwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Hakuna mwingine.

Amekataa, Angwenyi aliwaza. Amemtuma dada yake.

Mwanamke yule hakumsalimu mtu. Alikunja mkono wa gauni na kunyoosha kidole. Abner alimtoboa, akaweka matone kwenye kigae, akakiinamisha huku na huku. Matone yote mawili yalibaki laini.

“O,” alisema, akamlaza kwenye kitanda cha kando.

Chupa ilijaa polepole. Ikatundikwa juu ya Nyanchera, damu ikaanza kudondoka. Walingoja. Baada ya muda mrefu mabega ya mtoto yaliacha kupanda na kushuka kwa kasi, na wekundu hafifu ukarudi midomoni. Angwenyi aliegemea ukuta. Shukrani na uchungu vilimjia kwa pamoja, asijue ampe nani kipi.

“Na mwenyewe yuko wapi?” alimuuliza mkewe hatimaye. “Mwanamume huyo. Hata leo ameogopa kuja?”

“Mwanamume gani?” Orpah alimtazama yule mwanamke, aliyekuwa ameugeuzia ukuta uso wake, akilia. “Huyu ndiye aliyemzaa. Wetu, Baba Nyanchera, nilimzika kabla hujarudi.”